Chiriku Arobaini na Watatu wa Bwawa la Ndama

Jumatatu, 16 Septemba

Nimefika kambini Halloran saa nne asubuhi. Joto nyuzi thelathini na nane. Nzi wamenipokea kabla ya watu.

Wiki ya kuhesabu chiriku wa upinde wa mvua imeanza. Tumekuja watu ishirini na wawili kutoka kila pembe ya eneo hili la Kimberley, wengi wastaafu kama mimi, kila mmoja na kofia yake, kiti chake cha kukunja na darubini yake. Kazi ni rahisi. Kiangazi kikifika mwisho, maji hubaki kwenye mabwawa machache, na chiriku lazima waje kunywa alfajiri. Unakaa, unatulia, unahesabu, unaandika.

Dk. Anneke ndiye mkubwa wa utafiti. Kijana, mrefu, ngozi imeiva kwa jua. Ametukumbusha kwamba zamani ndege hawa waliruka kwa maelfu, na sasa katika bonde zima hili pengine hawafiki mia tatu. Kisha akasema jambo lililonitoa usingizini: mwezi wa Novemba atawakamata wachache kwa nyavu na kuwavisha pete za utambulisho miguuni, na atachagua mhesabuji mmoja tu wa kumsaidia. Huyo mtu atamshika chiriku mkononi! Kifua cha zambarau, tumbo la njano, mgongo wa kijani, kichwa chekundu kama pilipili. Mkononi!

Nimelitamani jambo hilo kuliko nilivyotamani kuoa.

Kisha tukagawiwa mabwawa. Merle Tuckwell, muuguzi mstaafu, miaka sabini na moja, kapewa Bwawa la Kengele. Kama kawaida. Mwaka jana alihesabu tisini na nne na picha yake ikatoka kwenye gazeti la wilaya. Mimi nimepewa Bwawa la Ndama. Kama kawaida. Mwaka jana nilihesabu sifuri, na gazeti likaniandika "na wengineo".

Nimemuuliza Dk. Anneke kama hakuna kosa. Kasema sifuri nayo ni habari. Nimetabasamu. Moyoni nimetukana.

Ila nina mpango. Nimerekodi sauti za chiriku kwenye simu.

Jumanne, 17 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa kumi na moja na nusu nimeshakaa kando ya Bwawa la Ndama. Simu nimeitumbukiza ndani ya sufuria ili sauti itoke kwa nguvu. Sheria za kambi zinakataza kuwaita ndege kwa sauti. Lakini sheria haikutaja sufuria.

Sufuria imelia vizuri mno. Baada ya dakika kumi kaja ndege. Mmoja. Mwewe! Kasikia chiriku wanaita, kaona amewekewa kifungua kinywa. Kakaa juu ya mkaratusi, juu kabisa ya kichwa changu, anaangalia sufuria. Nimezima simu. Hakuondoka. Nimepunga kofia. Hakuondoka. Nimerusha kiatu. Kiatu kimetua majini. Mwewe hakuondoka hadi saa tatu, na muda wote huo hakuna ndege mwenye akili timamu aliyethubutu kusogea.

Nimerudi kambini na kiatu kimoja kikavu. Kwenye fomu nimeandika sifuri. Merle kaandika sitini na mmoja.

Shangazi Dulcie alikuwa anageuza soseji kwenye bati. Yeye ndiye mkuu wa walinzi wa ardhi hapa. Nchi hii ni ya babu zake, na kila mtu anamwita Shangazi, hata Dk. Anneke. Kaniangalia miguuni.

"Neville, umeenda kuhesabu au kuvua?"

Kambi nzima imecheka. Merle hakucheka. Kaniletea kipande cha keki yake ya chokoleti na nazi, kaniambia kwa sauti ya chini kwamba kesho itakuwa siku yangu. Huruma yake imeniuma kuliko kicheko. Keki nimekula.

Jumatano, 18 Septemba

Ilianza vizuri. Naapa ilianza vizuri.

Saa kumi na mbili na robo kikaja kikundi cha ndege wanane, wa rangi ya kijivujivu, wakatua ukingoni, wakanywa, wakaondoka. Jua lilikuwa machoni mwangu. Sasa, chiriku wa upinde wa mvua akiwa bado mchanga hana rangi zile. Ni kijivu, na mgongo una kijani cha kufifia. Nikajiambia: huenda ni vijana wao. Huenda. Nikaandika nane, kwa penseli, kidogo sana.

Nane ikanitazama. Ilionekana pweke. Nikawaza, vijana hawaji bila wazazi. Wazazi lazima walikuwa nyuma yangu, kwenye majani. Nikaweka kumi na sita. Kisha nikakumbuka kwamba niliinamia chai yangu kama dakika mbili hivi. Ndani ya dakika mbili ndege wangapi wanaweza kunywa? Wengi tu.

Nilipofika kambini fomu ilisema arobaini na tatu. Sijui pepo gani lilinivaa. Nilichagua arobaini na tatu kwa sababu arobaini ingeonekana ya kubuni.

Dk. Anneke kasoma. Kasoma tena. Kanikumbatia! Kapanda juu ya kiti, kawatangazia wote. Makofi. Mzee mmoja kutoka mji wa Derby, ambaye tangu Jumatatu ananiita Nigel, kaniita Neville. Merle kanishika mikono yote miwili, macho yana machozi.

"Nilikwambia! Nilikwambia siku yako itafika!"

Shangazi Dulcie peke yake ndiye aliyeuliza kuhusu picha. Nimesema kioo cha kamera kilishika mvuke. Mvuke! Mwezi huu ambao hata mate hukauka kabla hujayatema. Kaniangalia kidogo, kisha karudi kwenye soseji zake.

Najionea aibu. Nimekula soseji nne, na kila mtu alinipisha mbele kwenye foleni. Aibu na foleni fupi vimekuja pamoja, na sikujua nivitenganishe vipi.

Alhamisi, 19 Septemba

Nilidhani uongo ukishaandikwa umekwisha. Kumbe ndipo unapoanza kula.

Dk. Anneke katangaza kwamba leo atakaa nami Bwawa la Ndama. Nikajaribu kumzuia. Nikamwambia njia ni mbaya. Kasema yeye ndiye aliyeichonga. Nikamwambia ndege wale wanaogopa wageni. Kasema atakaa kimya. Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba wanaogopa shati la bluu. Kabadilisha shati.

Tumekaa bega kwa bega kuanzia saa kumi na moja na nusu. Wamekuja chiriku wa mkia mrefu. Wamekuja njiwa. Kaja ng'ombe mmoja aliyetoroka ranchi, kanywa, kajisaidia. Chiriku wa upinde wa mvua, hata unyoya. Kila ndege wa kijivu akitua, mimi nilinong'ona kwa matumaini, na yeye alininong'oneza jina lake halisi kwa upole. Saa moja na nusu kikaja kikundi cha wanane. Nikawatambua. Ni walewale wa jana. Kumbe ni ndege wa kawaida kabisa, wa kila kichaka.

"Pole, Neville," kaniambia. "Ndivyo walivyo. Leo wapo, kesho hawapo." Akanipa pole! Kwa ajili ya uongo wangu!

Kisha akanieleza kwa furaha kwamba arobaini na watatu asubuhi moja maana yake kuna viota vingi ambavyo hakuna mtu anayevijua upande wa Ndama. Akatoa ramani, akalizungushia Bwawa la Ndama duara jekundu. Duara nene. Miaka sita ya utafiti wake imo katika ramani ile, na mimi nimemchafulia kwa penseli.

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Mdomo niliufungua. Nikauliza kama kuna chai.

Jioni tumeona moshi upande wa mashariki.

Ijumaa, 20 Septemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi moshi ulikuwa ukuta. Mtu fulani aliacha moto wa kupikia porini juzi na upepo wa kusini-mashariki umeubeba. Kuhesabu kumesimama. Shangazi Dulcie katukusanya kwenye meza ndefu, redio yake ya mawasiliano kiunoni, buti zimejaa majivu tayari. Kasema ana walinzi sita na pikapu mbili za maji. Moto unakuja na matawi mawili. Moja linaelekea bonde la Ndama, jingine mgongo wa kilima wa Kengele. Wanaweza kuzuia upande mmoja tu.

Kengele kuna mikaratusi mikongwe yenye matundu, na ndani ya matundu viota kumi na kimoja vya makinda waliochelewa, ambao hawajaota manyoya ya kurukia. Merle amevitazama viota hivyo tangu Julai. Upande wa Ndama kuna, kwa mujibu wa ramani, duara jekundu.

Dk. Anneke alishindwa kuamua. Alikuwa anauma kidole. Ndipo Merle akasimama. Nilijua atatetea bwawa lake. Mtu yeyote angelitetea.

"Nendeni kwa Neville," kasema. "Kwangu ni viota kumi na kimoja. Kwake ni ndege wazima arobaini na watatu, na viota ambavyo hatuvijui. Mimi nilikuwa muuguzi. Najua kuchagua. Nendeni."

Akakaa. Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Nilitamani ardhi ipasuke pale pale. Haikupasuka. Badala yake ubongo wangu ukaniletea mpango! Nikainua mkono, nikasema kwamba, sasa nakumbuka, wale ndege arobaini na watatu waliporuka walielekea Kengele. Wote. Kwa mstari mmoja.

Shangazi Dulcie kanigeukia taratibu.

"Ndege wako, Neville, wanahama kila mtu akitaka kuwaona. Panda gari."

Nimepanda, tukaelekea Ndama. Nimepewa redio na mashine ya kupeperushia majani. Walinzi wanatembea kwa mstari, wanafagia majani makavu kwa upepo wa mashine, nyuma yao wengine wanachoma ukanda mwembamba ili moto mkubwa ukifika ukose cha kula. Watu wanafanya kazi hii kwa ustadi wa ajabu. Jasho, masizi, macho mekundu. Kijana wa kike mbele yangu, Tarni, alikohoa hadi akainama, akanywa maji, akaendelea. Kwa ajili ya bwawa lenye njiwa na kinyesi cha ng'ombe.

Saa tano kasoro dakika kumi nilizima mashine. Nilikuwa na redio mkononi. Shangazi Dulcie alikuwa mbele, nyuma ya moshi. Nikabonyeza.

Nikasema, "Shangazi, hakuna chiriku Ndama. Niliwabuni."

Redio ikakwaruza. Kisha sauti yake.

"Rudia, Neville. Sikusikia vizuri."

Nikarudia. Kwamba hawakuwa arobaini na watatu. Kwamba hakuwepo hata mmoja. Kwamba niliandika kwa sababu nilitaka nichaguliwe mimi.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alisikia vizuri mara ya kwanza. Na baadaye zaidi ndipo nilipoelewa kwamba redio ile husikika kwa wote: pikapu zote mbili, kambi, ranchi ya jirani, na Merle, ambaye alikuwa amerudi peke yake na redio juu ya mgongo wa Kengele, amekaa na viota vyake.

Shangazi hakunitukana. Hilo ndilo lililoniumbua. Kasema maneno mawili tu, "Geuzeni magari," na kila mtu akakimbia.

Kutoka Ndama hadi Kengele ni dakika arobaini. Garini Tarni alikuwa ananitazama mikono, si uso, kama mtu anayeangalia kitu kilichovunjika na hajui kinatengenezwaje.

Tulichelewa. Si kabisa. Nusu ya mgongo iliokolewa. Nusu nyingine ilikuwa inawaka tulipofika, na Merle alikuwa chini yake na tawi bichi, anapiga miali ya moto, miaka sabini na moja, nywele zimeungua upande mmoja. Walinzi wawili walimbeba. Alikuwa anahesabu kwa sauti, namba za viota.

Jumamosi, 21 Septemba

Viota sita vimepona. Vitano vimeungua.

Asubuhi nimekwenda Kengele kwa miguu. Sikualikwa. Majivu bado ya moto, soli zimenuka. Merle alikuwa pale, mkono umefungwa bandeji. Nilitaka kugeuka. Kaniita nije.

Kanionyesha kwa kidole. Juu ya mti uliobaki kisiki cheusi, chiriku dume, kichwa chekundu, kifua cha zambarau, rangi zote zile katikati ya nchi nyeusi tupu. Anaruka hadi pale tundu lilipokuwa, anashika hewa, anarudi tawini. Tena. Tena. Koo limejaa mbegu alizomletea mtoto wake.

Huyo ndiye chiriku wa kwanza wa upinde wa mvua niliyemwona kwa karibu maishani mwangu. Sikumtazama kwa darubini. Nilishindwa kuiinua.

Nikamwambia Merle samahani. Ilitoka kama kikohozi.

"Nimeisikia redio," kasema. "Ungeniambia tu, Neville, kwamba unaona wivu. Ningebadilishana nawe bwawa. Mimi nahesabu kwa sababu Alf wangu alikuwa anahesabu. Bwawa lolote lingenifaa."

Alf ni marehemu mumewe. Sikujua kwamba alikuwa anahesabu. Miaka minne nimekaa meza moja na mwanamke huyu, na sikuwahi kumuuliza kitu zaidi ya idadi yake.

Kambini watu wananipisha tena kwenye foleni, lakini sasa ni kwa sababu hawataki kusimama karibu nami. Mzee wa Derby kaniita Nigel. Nimeona ni stahili yangu.

Dk. Anneke kaniita hemani kwake. Macho yamevimba. Kasema hesabu zangu za miaka yote zitafutwa, hata zile sifuri, ambazo zilikuwa za kweli. Kasema hanitaki tena kwenye bwawa. Nikafungasha kiti changu. Ndipo Shangazi Dulcie, aliyesimama mlangoni, akasema kuna kazi moja. Mtu apite sehemu iliyoungua, ahesabu mikaratusi yote yenye matundu iliyokufa, ili wajue watundike masanduku mangapi ya kutagia kabla ya msimu ujao. Kila sanduku litatengenezwa kwa mkono na walinzi.

Dk. Anneke kauliza kwa nini apewe huyu.

"Miti hairuki," kasema Shangazi. "Na haiogopi shati la bluu. Atashindwaje?"

Wamenipa nafasi! Mimi! Nimelia kidogo nyuma ya tangi la maji. Nimeapa hapo hapo. Kuanzia leo, ukweli mtupu.

Jumapili, 22 Septemba

Nimetembea tangu kulipokucha. Kila mti. Nimegusa kila shina kwa kiganja, mikono yangu ni masizi hadi kwenye viwiko. Nimeupita mgongo ule mara mbili ili nisikosee, mara ya kwanza kutoka juu, mara ya pili kutoka chini. Zote mbili nimepata idadi ileile. Miti kumi na tisa.

Nimekaa juu ya jiwe na fomu magotini. Nimeandika kumi na tisa kwa kalamu ya wino, si penseli.

Nikaitazama. Kumi na tisa.

Ni michache. Kwa mtu aliyefanya niliyoyafanya, ni michache mno. Nikipeleka kumi na tisa, watasemaje? Watasema, tazama Neville, anapunguza. Anajitetea. Mtu mwenye majuto ya kweli asingetoka na kumi na tisa. Dk. Anneke atainua nyusi. Merle, na mkono wake ule, atanisamehe haraka haraka, na sistahili kusamehewa haraka.

Tena kulikuwa na visiki vingine kule bondeni. Vya zamani, ndiyo. Vya moto wa miaka mingi iliyopita. Lakini nani anajua havikuwa na matundu?

Nimekata kumi na tisa. Nimeandika thelathini na moja, nikaweka sahihi, nikampelekea Shangazi Dulcie mwenyewe, mkononi. Kasoma. Kashusha pumzi ndefu. Kawaambia walinzi wake waongeze mbao, kwamba hali ni mbaya kuliko walivyodhani. Tarni, bado anakohoa, kaenda kuchukua msumeno.

Kisha Shangazi akaniwekea mkono begani. Kasema si kazi ndogo, mtu kuandika hasara yake mwenyewe bila kuficha.

Nimeinamisha kichwa. Aibu bado ipo, lakini leo imetulia. Kwa mara ya kwanza wiki nzima, najisikia mtu mkweli.